Moyo Uliobaki Nairobi

Mara mbili Ubeid alipeleka posa, na mara mbili Bi Twaiba alimrudishia jibu lile lile: mke wa mtu haposwi.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku akimmiminia kahawa, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni kwamba nyumba anayoitafuta iko mtaa wa pili. Ubeid alikunywa kahawa yake, akashukuru, akapanda pikipiki yake akarudi Ukunda.

Watu wa Gazi walishindwa kuelewa. Zahoro, mwana wa pekee wa Bi Twaiba na mume wa Bushra, alikuwa amezikwa miaka mitatu iliyopita, na nusu ya kijiji ilitia mchanga kaburini kwake. Bushra alikaa eda miezi minne na siku kumi, hakupunguza hata siku moja. Sheikh Sharif wa msikitini aliulizwa, naye akajibu kwamba eda ikiisha mjane yuko huru, na hilo halina mjadala. Kakake Bushra, Abdulwahab wa Msambweni, ambaye ndiye walii wake wa kumwoza, aliridhia siku ile ile aliyoletewa habari. Kwa hivyo neno la Bi Twaiba halikuwa na nguvu ya sheria. Lakini Bushra alikuwa akiishi naye chini ya paa moja tangu alipoolewa, wakila sinia moja, na alikuwa ameshasema kwamba hataondoka mle ndani akimwacha mama yule analia.

"Moyo wa mwanangu ungali wapiga," Bi Twaiba alikuwa akimwambia kila aliyemuuliza. "Uko Nairobi. Sasa huyu amekuwa mjane vipi?"

Na hilo, kwa namna yake, lilikuwa kweli.

Zahoro alikuwa mtu wa mikoko. Kazi yake ilikuwa kuotesha miche, kuihesabu, na kuipanda upya pale ilipokatwa. Siku moja alizimia matopeni akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, akapelekwa hospitali Mombasa, na madaktari wakamwambia kwamba misuli ya moyo wake imenenepa kupita kiasi, na kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Watafiti wa Nairobi walisikia habari zake wakamwomba damu kidogo. Kutokana na chembe za damu ile walitengeneza seli shina, chembe changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, kisha wakazilea mpaka zikawa chembe za moyo. Zikaanza kupiga zenyewe ndani ya kisahani. Zahoro alipoambiwa alicheka sana. Alimwambia Bushra kwamba sasa ana mioyo miwili, mmoja wa kufanyia kazi na mmoja wa kumpendea mkewe, asije akalalamika tena.

Mwaka mmoja na nusu baadaye ule wa kufanyia kazi ulisimama. Ule wa pili ukaendelea.

Bushra alikuwa na miaka thelathini na mitatu sasa. Aliwapikia wageni waliokuja kutembea kwenye daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na hapo ndipo alipokutana na Ubeid. Ubeid alikuwa fundi wa mashine za barafu. Hoteli za Diani ndizo zilizomlisha, lakini mashine ya wavuvi wa Gazi ilipoharibika alikuja kuitazama, akarudi mara ya pili, na mara ya tatu mashine ilikuwa nzima kabisa. Bushra alilitambua hilo akalinyamazia. Alikuwa mwanamume wa miaka arubaini na moja, mrefu, mwenye aibu kidogo, na alikuwa na desturi moja ambayo Bushra hakuiona kwa wengi: ukizungumza naye, alikungoja mpaka umalize. Hata ukinyamaza katikati ukitafuta neno, alikungoja tu, macho yake yametulia usoni pako. Kutazamwa hivyo kulimfanya Bushra akose usingizi, naye alikuwa ameshasahau kwamba mtu hukosa usingizi kwa sababu nzuri.

Kisha ikaja simu kutoka Nairobi. Ruhusa aliyoitia Zahoro sahihi ilikuwa ya miaka mitano, na miaka ilikuwa inakwisha. Alikuwa amemwandika mkewe kuwa mwenye uamuzi baada yake. Bushra akikubali, utafiti utaendelea. Akikataa, chembe zote zitateketezwa kwa heshima, na faili litafungwa. Dakta Milcah, aliyesimamia kazi hiyo, alisema angekuja mwenyewe hadi Gazi, kwa kuwa si jambo la kuulizwa kwa simu.

Abdulwahab aliposikia aliona mlango umefunguka. Alimwambia dadake kwamba Mungu amemrahisishia: asitie sahihi, waziteketeze, na Bi Twaiba hatakuwa na hoja tena. Bushra alirudi jikoni. Siku mbili nzima alikuwa akikuna nazi na kuchambua mchele, akiyageuza maneno hayo, na kila alipoyageuza aliona yana ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Mwishowe alimpigia Ubeid, akamwomba awepo. Alitaka asikie yote kwa masikio yake mwenyewe kabla ya kuposa mara ya tatu, au kabla ya kuacha.

Alhamisi saa nne asubuhi wote wanne walikuwa barazani. Dakta Milcah alikuwa mwanamke wa bara, mfupi, wa makamo, amevaa dera alilolinunua Ukunda siku ile ile kwa ajili ya ziara. Alimwamkia Bi Twaiba shikamoo kwa uangalifu wa mtu aliyefanya mazoezi njiani. Bi Twaiba aliitikia marahaba, akamkaribisha mkate wa sinia na chai ya tangawizi. Kwa Ubeid aliitikia salamu tu, wala hakumtazama. Kumwita nyumbani mtu aliyekataliwa posa, tena siku ya kuzungumzia moyo wa marehemu, kwake ulikuwa utovu wa adabu ambao hakuutarajia kwa Bushra.

Daktari alitoa kishikwambi kwenye mkoba wake. Alieleza polepole, akitafuta maneno. Katika kila chembe ya mwili, alisema, kuna maandishi yanayouelekeza mwili namna ya kujijenga, na katika maandishi ya Zahoro kulikuwa na herufi moja iliyokosewa.

"Moja tu?" Bi Twaiba aliuliza. Alikuwa amesomesha watoto Kurani kwa miaka thelathini hapo hapo barazani.

"Moja tu, mama. Kati ya nyingi sana."

Bi Twaiba alitikisa kichwa taratibu. Hakuhitaji kufafanuliwa. Alisema kwamba herufi moja ikikosewa maana yote huharibika, na kwamba amewahi kumrudisha mtoto mara arubaini kwa herufi moja.

Daktari aliwawekea video ya kwanza. Juu ya kioo kulikuwa na kitu kama utando wa kijivu, ukijikunja na kujikunjua, kwa nguvu, kwa pupa, mara mbili haraka kisha kimya, kisha mara tatu. Haukuwa na umbo la moyo. Lakini ulikuwa unapiga. Bushra alikuwa ameambiwa tu siku zote, hakuwahi kuuona. Alishika ukingo wa kiti chake. Alikumbuka alivyokuwa akilaza sikio kwenye kifua cha mumewe, na namna mapigo yale yalivyokuwa yakijikwaa, naye akidhani ni mapenzi.

Video ya pili ilionyesha utando kama ule, ukipiga polepole, sawasawa, kama mtu anayelala. Daktari alisema zile zilikuwa chembe za Zahoro vilevile, ila wataalamu wake walikuwa wameingia ndani ya maandishi, wakaikata ile herufi mbovu, wakatia iliyo sahihi. Akaharakisha kusema kwamba hayo yanafanyika kisahanini tu. Hawajafika mahali pa kumfanyia mtu mzima mwenye moyo kama ule, na huenda ikachukua miaka mingi. Lakini bila chembe kama zile hawatafika kamwe.

Bi Twaiba aliomba arudishiwe ya kwanza.

Akaitazama kwa muda mrefu. Hakulia. Aliweka kidole kwenye kioo, pembeni, pale ambapo hakingezuia kitu.

"Huu ndio wake," alisema. "Huo mwingine ni mzuri, lakini mimi sikuuzaa."

Bushra alijua kwamba sasa ndiyo saa ambapo kila mmoja angegeuka kumtazama yeye. Kalamu ilikuwa juu ya meza, na karatasi. Alifikiria maneno ya kakake. Neno moja tu, hapana, na angekuwa huru mbele ya watu wote. Aliinua macho, yakakutana na ya Ubeid, naye Ubeid hakuwa akimtazama kwa kumsihi wala kwa kumhukumu. Alikuwa na uso wa mtu mwenye swali, anayengoja nafasi.

"Dakta," alisema, "samahani. Hizi chembe mwazihifadhi kwa baridi ya kiasi gani?"

Daktari alishangaa kidogo. Akamweleza kwamba zinazopiga hukaa kwenye joto la mwili, lakini akiba yake imegandishwa ndani ya mitungi ya naitrojeni, baridi inayokaribia digrii mia mbili chini ya sufuri.

"Akiba yote iko jengo moja?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Na mitungi ikivuja, au asiwepo wa kuijaza? Kuna kengele?"

Daktari alikiri kwamba kengele ipo, lakini mwaka uliopita iliharibika kwa wiki nzima bila mtu kujua. Kwa bahati hakikuharibika kitu.

Ubeid alikunja uso, kama anayesikia habari mbaya za ndugu. Alisema kwamba bahati si mpango. Alisema yeye amewahi kuona hoteli ikipoteza samaki wa mwezi mzima kwa sababu ya kengele moja, na samaki hununuliwa wengine, lakini hiki hakinunuliwi. Angeomba, kama daktari haoni vibaya, akiba igawanywe mara mbili, nusu ikae jengo lingine, na kila upande uwe na mtu anayejulikana kwa jina.

Hapo ndipo Bi Twaiba alipogeuka kumtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Wewe wataka nini na moyo wa mwanangu?"

"Sitaki kitu, bi mkubwa."

"Mbona wauhangaikia? Ukiharibika si ndio faida yako?"

Ubeid alikiweka kikombe chake mezani.

"Ni kitu cha Bushra," Ubeid alisema, "na ni chako wewe. Kuja kwangu hakunipi haki ya kuacha kiharibike."

Bi Twaiba alimtazama tena, akarekebisha ukaya wake kichwani, akainuka. Alimwambia Bushra amfuate ndani.

Chumbani aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameipakata. Bila jua la nje alionekana mdogo. Bushra alipiga magoti mbele yake, kama alivyozoea anapomkanda miguu jioni, na akaanza kumwomba radhi kwa kumwita Ubeid. Bi Twaiba alimkatiza.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema.

"Ulimpa nani, mama?"

"Zahoro. Ile herufi. Yatoka kwangu. Walinipima kule Mombasa siku ile ulipotoka kwenda kutafuta dawa. Daktari akanambia, mama, wewe unayo, ila wewe imekuhurumia. Miaka sitini na minane nimekaa nayo haijanigusa. Ikamngoja mwanangu."

Bushra alisema kwamba anajua. Cheti cha kipimo kile alikiona ndani ya mtandio wa mavyaa wake siku ya tatu ya matanga, alipokuwa akifua, akakirudisha mahali pake.

"Ulijua, na hukunambia neno?"

"Ningekwambia nini? Hukuichagua."

Sasa Bi Twaiba alilia, bila sauti, akiyaacha machozi yashuke yenyewe. Alisema, kwa vipande vipande, kwamba wakati moyo ule unapiga Nairobi aliona kama hajammaliza mwanawe. Na kwamba lipo jambo jingine, la aibu zaidi. Anaogopa. Herufi ile imemhurumia mpaka leo, lakini haikumwahidi kesho, na Bushra akienda zake Ukunda, siku ya kuanguka hatakuwepo wa kumuona.

"Mama," Bushra alisema, "wewe wadhani mimi nimekaa humu miaka mitatu kwa sababu ya kisahani?"

Bushra alimfuta machozi kwa ncha ya leso yake.

"Nimekaa kwa sababu yako. Wala sijasema nakwenda Ukunda. Hakuna aliyeniuliza nataka kukaa wapi. Si wewe, si kaka, si yeye aliyeko nje."

Walikaa hivyo kwa muda, mikono ya mmoja ndani ya mikono ya mwenziwe. Kisha Bi Twaiba aliosha uso, akajifunga mtandio upya, wakatoka.

Barazani alimwuliza Dakta Milcah swali moja, na alitaka ajibiwe bila kubembelezwa. Kile kilichoko Nairobi, ni Zahoro au si Zahoro?

"Si yeye, mama," daktari alisema. "Ni chembe zilizotokana naye. Hazijui njaa, hazimjui mtu. Hata jina hazina, tunaziita kwa nambari."

"Basi hazina mke."

"Hazina."

Bi Twaiba aliitika kwa kichwa. Bushra alishika kalamu, akatia sahihi yake pale palipoonyeshwa, na moyo haukumwuma kama alivyodhani. Kisha akaisogeza karatasi mbele ya mavyaa wake. Daktari alisema kwamba sahihi moja yatosha, Bushra akasema kwake haitoshi. Bi Twaiba akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia, akaziweka nukta zake zote.

Alipomaliza, alikunja mkono wa baibui hadi kwenye kiwiko, akaunyoosha juu ya meza.

"Chukueni na yangu," alisema.

Dakta Milcah alipoelezwa alisogeza kiti chake karibu na meza. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli kwamba mama ana herufi ile ile na moyo wake haujawahi kuugua. Alipohakikishiwa, alisema kwamba hilo ni jambo ambalo wangelitafuta miaka mingi bila kulipata: mtu aliyeibeba na ikamwacha. Ndani ya damu yake huenda mna kitu kinachomkinga, na wakikijua, huenda kikawafaa wengine. Bi Twaiba alisema hayo ya kukinga hayajui yeye, ila kama mna kitu, wakitafute.

Daktari alipokuwa akitayarisha sindano, mama yule alimgeukia Ubeid kana kwamba amekumbuka jambo dogo.

"Huna mtu mzima kwenu?"

"Nina ami yangu, yuko Vanga."

"Mlete Jumapili. Na Abdulwahab mwambieni aje hapa, asidhani nitaipeleka shughuli Msambweni. Huyu ni binti yangu, ataolewa kutoka nyumbani kwangu."

Ubeid aliinama akaubusu mkono wa Bi Twaiba, ule ambao haukuwa ukitolewa damu. Bushra aligeuza uso upande wa ua, akajitia kuangalia nguo zilizoanikwa.

Baada ya adhuhuri alimsindikiza hadi karibu na barabara kuu. Ubeid aliisukuma pikipiki badala ya kuiwasha, ili njia iwe ndefu. Walipita mbele ya nyumba za watu wakiitikia salamu, hatua mbili kati yao. Kisha Ubeid alisema kwamba alikuja asubuhi ile akijua atamwonea wivu marehemu.

"Ukamwonea?"

"Ule wa kwanza, ndiyo. Kidogo."

"Na ule uliotengenezwa?"

"Ule haukunisumbua. Ule ni kazi ya mafundi." Alitazama mbele, si kwake. "Ule wa kwanza ndio uliokupenda."

Bushra alisimama. Alitafuta maneno, na Ubeid, kama ilivyo desturi yake, alimngoja.

Alimwambia basi yale ambayo hakuwa amemwambia. Kwamba hatahama Gazi. Kwamba mama amebeba kitu kile kile kilichomuua mwanawe, na huenda kisimguse maisha yake yote, na huenda kikamgusa kesho, na yeye Bushra hawezi kulala Ukunda akiwaza nani yuko upande wa pili wa ukuta. Akasema kwamba kama hilo ni zito kwake, amwambie leo, kabla ami hajapigiwa simu, naye hatamlaumu.

Ubeid aliegemeza pikipiki kwenye mguu wake, akafikiri. Hakujifanya kwamba ni jambo jepesi, na Bushra alimpenda zaidi kwa hilo.

"Hoteli hunipigia saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Barafu ikikosekana kabla ya chakula cha asubuhi, ni kesi."

"Najua."

"Kutoka huku mpaka Diani, itabidi niwe naamka saa kumi. Kila siku."

Tuktuk ilipita na vumbi lake. Walisubiri litue. Bushra alivuta leso yake mabegani, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza siku ile bila kujali nani anaona.

"Utakuta chai iko tayari," alisema.